Damu ya Mwonja Chai

Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, Dkt. Subilaga Mwakyoma alipogundua kwamba mtu ambaye damu yake ilikuwa ikiwaponya wagonjwa wao wote alikuwa anaelekea kuugua upya.

Hakuamini mara moja. Alichukua tone jingine kutoka kwenye kichupa kile kile, akalitia kwenye mashine ya kuhesabia, kisha akasimama kando amekunja mikono, akiangalia mvua ya Rungwe inavyopiga vioo vya maabara. Mashine ilichukua dakika kumi na moja. Jibu likaja lile lile. Seli alizotarajia zizidi elfu mbili zilikuwa mia nne na kumi. Na chini yake, kwenye mstari wa seli za ugonjwa wenyewe, ambao kwa miaka minane haukuwa na kitu ila sifuri, palikuwa na tisa.

Ile tisa ndiyo iliyomkalisha kitini.

Kituo cha Itekele kilikuwa juu ya Tukuyu, katikati ya migomba na mashamba ya chai, na kilipokea watu wa aina moja tu: wale ambao miili yao ilikuwa imeigeuka ngozi yao wenyewe. Ngozi ya binadamu imeshikamana kwa kitu mfano wa gundi, tabaka kwa tabaka. Kwa wagonjwa wa Itekele, kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, ilikuwa imeanza kuitafuna gundi hiyo. Gundi ikiachia, tabaka la juu linateleza kama karatasi iliyolowa, maji yanajaa katikati, lengelenge linavimba, linapasuka, na panabaki nyama mbichi. Wengi walianza kuugulia kinywani. Zamani walipewa dawa za kushusha kinga yote ya mwili, na wengine walipona, na wengine waliuawa na homa ndogo ambayo mtu mwingine angeilalia siku mbili tu.

Miaka tisa nyuma watafiti wa Itekele walijaribu njia nyingine. Walichukua seli za kinga za mgonjwa, wakazifundisha kazi moja tu: kuzitafuta zile seli nyingine zinazotengeneza sumu ya kuila gundi, na kuzizima hizo peke yake. Waliziita wapatanishi. Kila mgonjwa alitengenezewa wapatanishi wake mwenyewe. Kazi hiyo ilichukua wiki saba, na wapatanishi hao walifanya kazi miezi miwili hivi kisha wakafa kabla hawajamaliza. Ilikuwa afueni, si dawa.

Isipokuwa kwa mtu mmoja. Mzee Anyosisye Mwalyego, mwonja chai wa kiwanda cha pale chini bondeni, aliwekewa wapatanishi kama wenzake, lakini kwake hawakufa. Walihamia kwenye uboho wa mifupa yake, wakazaana. Hakuna aliyejua kwa nini. Zaidi ya hapo, walipochotwa kutoka kwake na kuwekwa kwa mtu mwingine, waliishi mwaka mzima na zaidi, muda wa kutosha kuimaliza kazi. Hawakuweza kugandishwa kwenye barafu wala kuoteshwa maabara, walikuwa wanakufa. Walitaka kupita kwenye damu ya mzee yule. Basi kila baada ya wiki kumi na mbili alipanda mlima, akalala kitandani saa tatu, akachotwa dozi nne. Watu mia moja na kumi na wawili walikuwa wamerudi makwao na ngozi nzima kwa sababu yake.

Alitakiwa kuchotwa tena Ijumaa.

Subilaga aliipa mashine ya kukadiria hesabu zote za miaka minane, akaiuliza mambo mawili. Jibu la kwanza lilikuwa kwamba mzee akipumzishwa miaka miwili, wapatanishi wake wangeweza kurudi katika idadi ya zamani. La pili lilikuwa kwamba akichotwa Ijumaa, hata dozi moja, kuna nafasi nne kati ya tano kwamba malengelenge yatarudi kabla ya mwaka kwisha. Na yakirudi, wapatanishi watakaobaki ndani yake hawatatosha kumponya, na hapakuwa na mtu mwingine wa kumchotea.

Alichapisha karatasi ile, akaikunja mara mbili, akaenda kwa mkurugenzi.

*

Dkt. Kihwele hakuwa mtu mbaya. Subilaga alijikumbusha hivyo kila alipopanda ngazi za ofisi yake. Ndiye aliyekiomba kituo kile kijengwe wakati wakubwa walipokuwa wakisema ugonjwa wenyewe ni wa watu wachache mno, na alifanya hivyo kwa sababu alimuuguza kaka yake mpaka mwisho, na hakupenda kusimulia habari hiyo.

Aliisoma karatasi akiwa amesimama. Akasema kiwango kinachohesabiwa kuwa cha hatari walikiweka wenyewe, kwa kukisia, wakati wana mgonjwa mmoja tu wa kumkisia. Akasema mashine iliwahi kukosea. Halafu akakaa, akavua miwani, akauliza Tusekile anaendeleaje.

Tusekile ndiye aliyekuwa amelala chumba namba tatu. Wagonjwa wengine kumi na watatu waliosubiri dozi walikuwa na muda. Wangeweza kushikizwa na dawa za zamani, au kutengenezewa wapatanishi wao wa muda. Yeye hakuwa na wiki saba. Karibu nusu ya ngozi yake ilikuwa imeachia, na vijidudu vilikuwa vimeanza kuingia.

Subilaga akasema ana siku kumi, pengine kumi na mbili.

Mkurugenzi akasema wamchote mzee Ijumaa kama ilivyopangwa, dozi moja tu, na habari za hesabu wamweleze baadaye. Alieleza sababu zake bila kupandisha sauti. Mzee Mwalyego hajawahi kusema hapana hata siku moja. Akiambiwa, atakubali. Sasa kama atakubali vyovyote iwavyo, kumwambia kuna faida gani, ila kumfanya alale na hofu?

Subilaga akajibu kwamba kama atakubali vyovyote iwavyo, basi kumwambia hakuna hasara.

"Na akikataa?" mkurugenzi akauliza.

Subilaga aligeukia dirisha. Mvua ilikuwa imekatika, na ukungu ulikuwa unapanda kutoka bondeni ukiyameza mashamba ya chai mstari baada ya mstari. Hatimaye akasema damu ni ya mzee mwenyewe.

Kihwele akairudisha karatasi juu ya meza, upande wa Subilaga.

"Nenda kamwambie wewe," akasema. "Lakini umwambie yote. Usimwambie habari za damu yake tu. Mwambie na habari za yule binti."

"Nitamwambia linalomhusu."

"Na binti hamhusu?"

Subilaga aliichukua karatasi akatoka. Njiani kuelekea wodini alijiambia kwamba kumweka mzee mbele ya msichana anayekufa na kumuuliza atachagua nini si kumuuliza, ni kumkaba. Maneno hayo yalimwingia vizuri. Aliyarudia.

*

Wodini walikuwa wanambadilisha Tusekile shuka. Hazikuwa shuka za kitambaa. Pamoja na mitambo yote ya Itekele, vitanda vya hewa na mashine za kunyunyizia dawa, hakuna kilichofanikiwa kulishinda jani la mgomba. Kitambaa kingeganda kwenye vidonda na kuondoka na nyama. Jani likichemshwa, likapozwa, likapakwa mafuta kidogo, mgonjwa analala juu yake na anaweza kunyanyuliwa bila kupiga kelele. Kila asubuhi mama yake Tusekile aliyachagua mwenyewe shambani nyuma ya jiko, akikataa yaliyochanika.

Tusekile Mwangoka alikuwa na miaka ishirini na minne. Alikuwa fundi wa visima vya mvuke, kule wanakovuna joto la ardhini kuzalishia umeme, na kazi yake ilikuwa kukaa na mabomba: kuyasikiliza, kujua lipi linavuja kabla halijavuja. Lengelenge la kwanza lilitokea begani, mahali mkanda wa begi la vifaa ulipogusa. Alidhani ameungua. Lilipotokea la pili mgongoni, na la tatu ndani ya shavu, bado alidhani ni mvuke. Alikwenda kazini wiki sita zaidi.

Subilaga alishika upande wa miguu, muuguzi upande wa mabega, mama akavuta majani ya zamani na kusukuma mapya. Walifanya haraka. Tusekile alifumba macho, na walipomshusha aliyafumbua polepole.

Kuongea kulimuuma, kwa hiyo aliongea kwa uchache. "Ijumaa bado ipo?" akauliza.

"Sijui bado," Subilaga akasema. "Nikijua, nitakuja kukuambia mimi mwenyewe."

Msichana akaitikia kwa kichwa kwa mbali, kama mtu aliyezoea kungoja vipimo. Mama yake alikusanya majani ya zamani, akayakunja upande wenye damu ukiwa ndani, akatoka nayo.

*

Chumba cha kuonjea chai kilikuwa kirefu na cheupe, chenye madirisha upande wa kusini tu, kwa sababu mwanga wa upande huo haubadiliki sana. Kwenye meza ndefu vikombe arobaini vilikuwa vimepangwa, kila kimoja na majani yake makavu mbele yake. Kichwani mwa meza ulisimama ulimi wa mashine, chombo cha chuma chenye mrija mwembamba, ambacho siku hizi ndicho kilichoonja chai nyingi ya kiwanda. Lakini ulimi ule ulipotea kidogo kidogo kila wiki, na kila wiki Mzee Mwalyego aliurudisha kwenye mstari: yeye anaonja, nao unaonja, na mahali walipotofautiana mashine ndiyo iliyorekebishwa.

Subilaga alimkuta katikati ya meza. Mzee alichota kijiko, akavuta chai kwa kishindo kama mtu anayepiga mluzi kwa ndani, akaizungusha kinywani, akatema kwenye ndoo. Ndipo akamwona mgeni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Leo wewe ndiye umeshuka. Basi kuna jambo."

Walikwenda kukaa kwenye chumba kidogo cha pembeni. Subilaga alimweleza taratibu, bila kuficha kitu katika hesabu zile: mia nne na kumi, ile tisa, nafasi nne kati ya tano, na kwamba safari hii hakutakuwa na wa kumwokoa. Alimweleza na upande wa pili, kwamba akipumzika miaka miwili pengine atarudi alivyokuwa. Alimwambia ana haki ya kukataa na hakuna atakayemlaumu.

Mzee alisikiliza akiwa ameweka mikono juu ya magoti. Ilikuwa mikono safi, isiyo na alama. Subilaga aliyejua ilivyokuwa zamani hakuacha kuishangaa. Alipomaliza kusema, mtu alifungua mlango, akawaona, akaufunga tena.

Kisha mzee akaanza kusimulia, si kwa kujibu, bali kama mtu anayejikumbusha mwenyewe. Alisema miaka mitatu alikula uji wa baridi tu, kwa mrija. Asubuhi mto ulikuwa umegandana na shavu, na mke wake, marehemu Sekela, alikuja na maji ya vuguvugu akaulowesha polepole mpaka uachie. Hakuwahi kuuvuta. Hata siku moja hakuuvuta, hata alipokuwa amechelewa, hata alipokuwa mwenyewe ameanza kuumwa na hakumwambia. Sekela alikufa miezi mitano kabla wapatanishi hawajamwingia mumewe. Mzee alikwenda kumzika amefungwa bandeji mwili mzima, na hakuweza kuimba wala kulia, kwa sababu machozi ya chumvi yaliunguza uso.

"Miaka minane nimejiandaa kwa siku hii," akasema. "Nilijua itakuja. Nilijiambia ikija nitasema ndiyo. Nimepata zaidi ya nilichostahili, nitasema ndiyo." Akaitazama mikono yake. "Sasa imekuja, na ninaona siwezi. Nani atanilowesha mto?"

Subilaga akasema anaelewa.

"Usinielewe haraka hivyo." Mzee akainua macho. "Ijumaa kuna mtu alikuwa anangoja. Yupo aliye mahututi?"

Hilo swali Subilaga alikuwa amejiandaa nalo njia nzima. Alimwambia kwamba mambo ya mgonjwa mwingine hayapaswi kumwamulia yeye, kwamba akianza kupima maisha ya mtu asiyemjua na yake hatakuwa tena huru. Mzee alimsikiliza kwa adabu.

"Yupo au hayupo?"

"Yupo."

"Ni mtoto?"

"Hapana. Ni mtu mzima."

Alilisema kwa wepesi, na lilikuwa kweli. Lakini aliona jinsi lilivyopokelewa. Mabega ya mzee yalishuka kidogo; akatikisa kichwa mara mbili, taratibu, jinsi watu wanavyotikisa kichwa wakisikia msiba wa mtu aliyekula chumvi nyingi. Mtu mzima. Mtu wa rika lake, aliyeoa au kuolewa, aliyezaa, aliyeona wajukuu. Subilaga aliliona wazo hilo linamkaa usoni, kama mtu anavyoona mgeni anavyokaribishwa kiti. Ingemchukua neno moja kuliondoa. Alilishika neno hilo mdomoni, akalimeza.

"Basi Mungu amsaidie," mzee akasema. "Mimi nakataa, mwanangu."

Mzee alisimama kumsindikiza. Subilaga alitaka kumshika mkono, akaacha.

*

Siku ile ile alirudi wodini kutimiza ahadi yake. Alimwambia Tusekile kwamba Ijumaa haipo, na kwamba watajaribu kila kilichobaki. Msichana aliuliza swali moja, kama bomba limekauka au limefungwa. Subilaga akasema limefungwa, kwa sababu nzuri. Tusekile akafikiri, akasema basi sawa, ukilazimisha bomba lenye ufa unaua kijiji kizima. Kisha akageuza uso kidogo kidogo upande wa dirisha.

Mama ndiye aliyemfuata daktari nje. Kwenye baraza alimshika kiwiko, kwa nguvu kuliko alivyokusudia.

"Huyo mtu nipelekeni kwake," akasema. "Sitamwambia neno baya. Nitapiga magoti tu."

"Siwezi, mama."

"Huwezi, au hutaki?"

Subilaga akarudia kwamba hawezi. Mama akamwachia kiwiko, akakifuta kwa kiganja kana kwamba amekichafua, kisha akarudi ndani.

Dkt. Kihwele hakugomba. Aliuliza jambo moja tu: kama mzee aliambiwa umri wa binti. Subilaga akasema aliambiwa yupo mgonjwa mahututi, mtu mzima. Mkurugenzi alikaa akilipima neno lile, kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba yeye alitaka kumficha mzee jambo moja, na Subilaga amemficha jingine, na kwa namna fulani Subilaga ndiye anayelala vizuri. Subilaga hakuwa akilala vizuri, lakini hakumwambia.

Walijaribu. Walianza kumtengenezea Tusekile wapatanishi wake mwenyewe, ingawa kila mtu alijua kuhesabu wiki. Walimpa dawa za zamani kwa kipimo ambacho muuguzi aliuliza mara mbili kama amekisoma sawasawa. Siku ya sita alionekana ana nafuu. Malengelenge mapya hayakutokea, na akanywa nusu kikombe cha maziwa. Siku ya nane homa ikapanda. Vijidudu vilikuwa vimeingia kwenye damu, na dawa zile zile zilizonyamazisha malengelenge zilikuwa zimenyamazisha kila mlinzi mwingine.

Alifariki siku ya tisa, saa tano asubuhi, jua likiwa limetoka baada ya wiki nzima ya mvua. Mama yake aliomba aachwe naye juu ya majani yale yale mpaka wamalize kuandaa sanduku. Aliyakataa mashuka.

*

Siku kumi na mbili baadaye Mzee Mwalyego alipanda mlima bila kuitwa. Subilaga alimwona kupitia kioo cha maabara akivuka ua, amevaa koti lake jeusi la kanisani, na kwa kuwa alikuwa amemwandikia aje mwisho wa mwezi kupimwa, alidhani amekosea tarehe. Alifurahi kumwona. Alimkaribisha, akamtoa tone la damu kidoleni, akaliweka kwenye mashine, wakakaa kungoja dakika kumi na moja.

Mashine ilipolia, aliangalia kwanza mstari wa chini. Ile tisa ilikuwa imeshuka ikawa nne. Wapatanishi walikuwa wamefika mia tano na tisini. Alihisi furaha ikimpanda kifuani, na hapo hapo akaiona aibu nayo.

Alimwambia mzee kwamba anapata nafuu.

Mzee hakuitazama skrini. Akasema siku kumi hivi zilizopita, Jumamosi, alikuwa kwenye mazishi. Hakuyafuata kwa kujua. Shangazi wa marehemu alisali naye usharika mmoja, na kwaya yao ilialikwa kuimba. Alisimama nyuma, mvua ikanyesha, watu wakatangulia kuondoka, naye akabaki kwa kuwa hatembei haraka. Ndipo akausoma msalaba.

"Wameandika mwaka wa kuzaliwa," akasema. "Nikatoa hesabu pale pale kaburini. Nikatoa mara tatu."

Subilaga aliizima mashine.

"Mama yake akanisimulia alikuwa anaumwa nini, na alilazwa wapi, na dozi aliyoahidiwa ya Ijumaa ipi. Hajui mimi ni nani. Alinishukuru kwa kuja." Mzee akafungua kifungo cha juu cha koti. "Wewe uliniambia mtu mzima."

"Alikuwa mtu mzima, baba. Miaka ishirini na minne—"

"Usifanye hivyo."

Alilisema bila ukali. Subilaga akaacha. Akaangalia mikono yake juu ya meza, glavu bado ziko vidoleni, akazivua moja baada ya nyingine kwa sababu ilimpasa afanye kitu.

"Ungeniambia umri wake, ningekubali," mzee akasema.

"Najua. Ndiyo maana sikukuambia."

Maneno yalitoka kabla hajayapanga, na alipoyasikia ndani ya chumba kile alielewa kwa mara ya kwanza aliyokuwa ameyafanya. Siku zote tangu ile Jumanne alikuwa amejisimulia kwamba alilinda hiari ya mzee. Lakini alikuwa amekwenda kule bondeni na jibu tayari mkononi. Alimpenda mzee huyu. Alikuwa mgonjwa wake wa kwanza. Alitaka aishi na ngozi yake. Na Tusekile hakumjua kwa zaidi ya mwezi mmoja.

Mzee alikuwa ameyaelewa hayo kabla yake, ilionekana.

"Ulikuja kunipa nichague," akasema. "Nikakaa pale nikamtaja mke wangu, nikaona aibu, nikasema hapana, nikalala siku zote zile nikijiona mwoga. Kumbe hata huo uoga haukuwa wangu wote. Ulishanichagulia."

Mzee alimwambia pia kwamba hajui angefanya nini kweli. Pengine angekubali Jumanne na kukimbia Ijumaa. Pengine angesikia umri ule na bado akauogopa ule mto. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote: hatajua kamwe. Binti alikufa, naye hajui yeye mwenyewe ni mtu wa namna gani, na alikuwa amefika umri huu akidhani anajua.

Subilaga akamwomba radhi. Mzee akapokea kwa kuinamisha kichwa, lakini hakusema yamekwisha, na Subilaga hakungoja aseme.

Nje walisikika wauguzi wakibeba majani ya mgomba kutoka jikoni, wakihimizana wasiyachane. Mzee aligeuka akawasikiliza mpaka wakapita.

"Wamebaki wangapi wanaongoja?"

"Kumi na watatu. Lakini wana muda, baba. Na wewe hesabu yako bado iko chini, nimekueleza—"

"Umenieleza. Za kwangu nimezielewa." Alivuta kiti karibu na meza, akakaa wima jinsi alivyokaa mbele ya vikombe vyake. "Sasa nisomee za kwao. Majina siyahitaji. Nisomee umri, na kazi, na nani anawauguza, na wana muda gani. Usiruke mtu."

Subilaga alitaka kumwambia kwamba kanuni za kituo haziruhusu. Alitaka kumwambia apumzike, arudi mwisho wa mwezi, hesabu zikiwa zimepanda. Alikuwa na sababu nyingi na zote zilikuwa nzuri, na katika kila moja aliyoishika aliyaona matakwa yake mwenyewe.

Akaivuta skrini ya daftari la wagonjwa, akaigeuza ili mzee naye aione, akafungua ukurasa wa kwanza.

"Mwanamume," akaanza, akausogeza ukurasa juu hadi mstari wa kwanza, akaanza upya. "Mwanamume, miaka thelathini na minane. Fundi cherehani. Anauguzwa na dada yake. Akishikizwa na dawa, miezi mitano."

"Endelea," mzee akasema.

"Msichana. Miaka kumi na tisa."